Maziwa Yako Hayana Kosa

Maabara ya hospitali,
Jumatano, baada ya chai ya saa nne.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu za mdogo wako mwenye mdomo, ambaye leo ameamua kuutumia mdomo huo kwa kalamu. Mimi ni mzima. Kiuno tu ndicho kinachonikumbusha kuwa miaka arobaini haiko mbali, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekwenda zake bila kuaga. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, presha ya mama mkwe wako imetulia, na goti lako halikusumbui tena unapopanda ngazi. Kama bado linakusumbua, basi hujakwenda kwa daktari kama nilivyokuagiza, na hapo tutagombana.

Barua yako niliipata Ijumaa nikaisoma mara tatu. Unasema mwanao Injinia, ambaye tangu azaliwe hajawahi kunyamaza dakika tano, sasa ana wiki mbili hakusemeshi. Bibi yake amemwambia kuwa jicho lake la kulia uliliharibu wewe, kwa tone la maziwa ya kifua ulilomtia alipokuwa mchanga wodini. Mtoto akakujia uso kwa uso akakuuliza kama ni kweli, nawe ukaingia jikoni ukajifanya unatafuta kifuniko cha sufuria. Sasa umepanga Jumapili hii umkalishe chini ukiri, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na miwili anastahili kuambiwa ukweli. Na mimi, mtaalamu wa familia, unaniuliza ukiri kwa maneno gani.

Dada, usikiri. Huna cha kukiri. Maziwa yako hayana kosa, hayakuwa na kosa siku ile, na hayatakuwa nalo hata bibi mtu aseme mpaka meno yamwishe. Nakuambia hivi nikiwa mtu aliyekaa na hadubini miaka kumi na mitatu, na usiponiamini mimi utamwamini nani? Lakini sababu ya uhakika wangu ni ndefu kidogo, kwa hiyo jitilie chai, nivumilie, na usiruke kurasa kama unavyofanya na magazeti. Ningeweza kupiga simu. Simu ina kitufe cha kukata, na mimi najijua.

Unaijua kazi yangu, ingawa shemeji mpaka leo anafikiri napima mikojo tu. Mtoto akiwa na homa isiyoeleweka, wodini wanamtoa damu kidogo wanaitia kwenye chupa yenye supu ya kuoteshea vijidudu. Chupa inaletwa kwetu, inakaa kwenye kabati la joto, na kama kwenye damu kuna kijidudu, kitakula supu kizaane. Sisi tunachukua tone, tunalipaka kwenye kioo, tunalitia rangi na kulitazama. Mtu mzima hutolewa chupa mbili au tatu, ili moja ikiingia vijidudu vya ngozi, nyingine iseme ukweli. Mtoto njiti hutolewa moja tu. Damu yake yote mwilini haijazi nusu glasi, sasa utamtoa chupa ngapi?

Basi, wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatatu, ikaja chupa ya mtoto wa kitanda cha tisa. Ni binti aliyezaliwa wa miezi saba, alikuwa na siku kumi na mbili tu duniani na uzito wa kilo moja na robo. Mama yake ni fundi cherehani, mwanamke mwembamba ambaye hata wodini anatembea na sindano kaichomeka kwenye kola ya gauni. Mtoto alianza vizuri, halafu tumbo likajaa, maziwa yakawa hayashuki, akawa anasahau kupumua mpaka nesi amguse unyayo. Antibayotiki za aina mbili hazikufua dafu. Jumatano asubuhi supu ya chupa yake ikawa imechafuka, maana yake kuna kitu kimeota.

Aliyekuwa zamu ni mwenzangu mmoja wa siku nyingi, anastaafu mwakani. Tunamwita Bwana Hakika kwa sababu hajawahi kusema hajui mbele ya mashahidi. Akatazama kioo akaona fangasi. Akasema chupa moja, mtoto mdogo, hao wametoka mikononi mwa aliyetoa damu. Akachukua kalamu nyekundu akaandika kwenye daftari la damu lile neno letu la siku zote: uchafu, leteni damu nyingine. Chupa akaiweka kwenye toroli la taka zinazokwenda kuchemshwa, akaenda zake kunywa chai.

Mimi nilikuwa nabishana na fundi wa friji, na hapo nilikuwa nashinda. Nikapita kando ya daftari nikaona ule mstari mwekundu. Dada, nilipiga ukelele mpaka mhudumu wa usafi akaangusha fagio! Nikalifukuzia toroli koridoni na viatu vyangu hivi vya kisigino, nikaikuta chupa imelala juu ya glavu zilizotumika, bado ina uvuguvugu. Nikairudisha, nikapaka kioo changu mwenyewe. Walikuwepo. Mayai madogo ya zambarau, kila moja limebeba kichipukizi ubavuni. Ni ndugu kabisa wa hamira unayotia kwenye unga wako, ila hawa wakiingia kwenye damu ya mtoto hawaumui kitu, wanaua.

Bwana Hakika akanitaka nipunguze mori, eti yeye alianza kazi mimi nikiwa bado nanyonya. Nikamwambia kunyonya kwangu kulikwisha salama na heshima yake iko palepale, lakini fangasi kwenye damu ya njiti hawaitwi uchafu hata siku moja. Ngozi ina vijidudu vyake vya kusingiziwa, hawa hawasingiziwi. Anayewaita uchafu awe tayari kuja kumzika mtoto. Hapo nilivuka mpaka, najua, maana mzee wa watu alivua miwani. Nilimwomba radhi baadaye. Wakati ule sikuwa na nafasi.

Nilipanda wodini kwa miguu yangu, sikutuma karatasi. Daktari wa wodi ni mama mmoja mrefu asiyependa kuharakishwa. Akanieleza, kwa haki kabisa, kuwa dawa ya fangasi ya kupitia mshipani ni kali kwa figo, na figo za mtoto yule ni changa, hawezi kumpa kwa ushahidi wa chupa moja. Alitaka damu nyingine itolewe, tusubiri. Nikamwambia itolewe, naam, lakini dawa ianze leo, na ule mpira wa kitovuni anaopitishiwa maji utolewe leo, kwa sababu fangasi huganda mle ndani kama ukungu kwenye pazia la bafu. Akaniuliza nina uhakika kiasi gani. Nikasema kiasi cha kuweka kazi yangu rehani. Akanitazama, akauliza kwa upole kama hili ni jambo la kazi tu au kuna jingine. Nikamjibu ni la kazi tu. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli.

Dawa ilianza kabla ya saa sita mchana. Mpira ukatolewa. Ile chupa ya pili nayo ikaota, na aliyeniletea kioo ni Bwana Hakika mwenyewe. Alikiweka mezani pangu, akasema wamo, akakaa kwenye stuli yangu bila kuniomba. Toka siku hiyo anawafundisha wanafunzi wa mazoezi kuhusu fangasi kana kwamba aliwagundua yeye. Namwachia, mradi anafundisha.

Sikuishia hapo. Fangasi wakiwa ndani ya damu hupanda popote wanapotaka, kwenye figo, kwenye ubongo, kwenye moyo, kwenye macho. Nikamng'ang'ania daktari wa wodi mpaka akamwita daktari wa macho, kijana mpole mwenye taa kichwani. Akammulika mtoto, akakuta nyuma ya jicho la kulia alama mbili nyeupe, ndogo kuliko chembe za chumvi. Fundi cherehani alipoambiwa akaanza kujipiga kifua. Akasema ni yeye, ni yeye, alimfuta mtoto uso kwa upindo wa gauni lake. Daktari wa macho akamshika bega akamweleza taratibu kuwa wale hawakuingia kwa mbele. Wamekuja kwa ndani, kwa njia ya damu, na hata angemfuta mtoto kwa mkeka wa mlangoni zile alama zisingekaa pale zilipokaa. Mama wa watu akapumua kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika daftari, nikatamani sakafu ipasuke.

Nikupe habari njema kwanza, maana binti yule anastahili. Damu yake imetoka safi mara mbili. Figo zimevumilia. Jana alipimwa akawa na kilo moja na gramu mia sita, ananyonya kwa vurugu, na akicheleweshwa analia mpaka wodi nzima inajua. Alama moja ya jichoni imefutika kabisa, nyingine imeacha kovu jembamba pembeni, pasipozuia kuona. Atauona uso wa mama yake kwa macho yote mawili.

Jana hiyohiyo mama yake akaja dirishani pa maabara. Akanishika mikono yote miwili akaniambia nimeyaokoa macho ya mwanawe, na kwa kuwa hana kingine, atanishonea gauni. Akatoa futi mfukoni akaanza kunipima palepale, mbele ya foleni ya wagonjwa, anataja namba kwa sauti. Alipofika kiunoni nikaangua kilio. Maskini akadhani nalilia ile namba, akaniambia usijali mama, kitambaa kitatosha. Watu walicheka, nami nililia zaidi, nikajifungia chooni mpaka Bwana Hakika akaja kugonga.

Sasa, Dada, kama umesimama, kaa.

Ulipojifungua Injinia kabla ya wakati wake, nilikuwa na miezi mitano kazini, katika chumba hikihiki. Wewe uliwatambia manesi kuwa mdogo wako yuko ghorofa ya chini, kwa hiyo damu ya mwanao iko mikononi mwa watu wake. Alipofika siku ya kumi akapata homa, wakamtoa damu. Chupa ilikuja na namba yake, na namba ile nilikuwa naijua kuliko ya simu yangu. Ilipoota, nikapaka kioo nikatazama. Walikuwepo. Mayai yaleyale, vichipukizi vilevile.

Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningemwita mkuu wangu. Ndio ulikuwa utaratibu, mgeni kazini haandiki jibu peke yake. Lakini alikuwa mtoto wako, uliyemtafuta miaka sita, nami nilikuwa nimesoma kitabuni mambo yanayowapata njiti wenye fangasi kwenye damu, nikakataa. Nilitaka iwe uchafu. Niliitaka hivyo mpaka nikaiona hivyo. Nikaandika kwa kalamu nyekundu, uchafu, leteni damu nyingine, nikaipeleka chupa kwenye taka mimi mwenyewe, halafu nikapanda juu kukuambia hakuna kitu cha kutisha. Ulinikumbatia. Kwa sababu ya jibu lile wodini hawakuwa na haraka. Damu nyingine ilitolewa baada ya siku nne, mtoto alipozidiwa, akaipima mwingine akakuta fangasi tele. Dawa ikaanza siku hiyo. Injinia akapona, jicho halikupona.

Hilo lilikuwa kosa. Nililolifanya baadaye si kosa, ni ubaya, na ndilo linalonikosesha usingizi. Mtoto alipofika miezi minne daktari akakuambia kuwa maambukizi yaliingia jichoni, nawe ukaelewa kuwa yaliingia kutoka nje. Mama mkwe wako akakumbuka kuwa alikuona ukimdondoshea maziwa. Ukaja chumbani kwangu, ukakaa kitandani, ukaniuliza kama maziwa yako yanaweza kufanya vile, maana mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa nakoroga chai. Nikasema huenda, Dada, nani ajuaye. Mimi nilikuwa najua! Nilijua kuliko daktari, kuliko mkweo, kuliko mtu yeyote. Na kwa miaka kumi na miwili nimekuacha ubebe mzigo wangu, kwa kuwa ulikuwa unaubeba bila kelele.

Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humfichua, nami kilio changu kimenifichua mbele ya foleni nzima. Tangu nipewe ukuu wa chumba hiki nimepiga marufuku mtu kupima damu ya ndugu yake. Wenzangu wanafikiri naogopa umbea, na sijawahi kuwasahihisha. Leo asubuhi niliwakusanya nikawaambia sababu, kisha nikampelekea mganga mkuu maelezo yangu kwa maandishi. Watakaloamua nitalipokea. Kazi naipenda mno, lakini siogopi.

Sikuapii kwamba zile siku nne zingeliokoa jicho. Nilimuuliza daktari wa macho, bila kumtajia ni mtoto wa nani, akasema hakuna awezaye kuapa, ila kwa fangasi siku nne ni nyingi mno. Nakupa jibu kama nilivyopewa, sipunguzi wala siongezi. Lile la maziwa ndilo ninaloweza kuapa, na naapa.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya ukurasa wa daftari la mwaka ule. Nilipekua stoo siku nzima. Majina ya watoto wengine nimeyafunika. Mstari wa saba ni mwanao, na mwandiko unaujua. Mwonyeshe mama mkwe wako leo, usingoje kesho, na akikuuliza maana yake msomee barua hii yote kwa sauti, hata pale nilipomsema meno. Nitamwomba radhi nikifika.

Jumapili usimkalishe mtoto. Jumamosi kabla ya mchana nitakuwa mlangoni kwako, na nitamwambia mimi, wewe na bibi yake mkiwepo. Msamaha sikuombi kwa karatasi, nitauomba nikiwa nimekutazama, na ukininyima una haki. Wala sitaki unitetee mbele yake kama ulivyozoea kunitetea kwa mama nilipovunja vyombo. Nitamwambia kuwa mama yake alimwona ana matongo jichoni, hakuwa na dawa wala mtu wa kumuuliza, akampa kitu pekee alichokuwa nacho, na hakikumdhuru hata kidogo. Mimi nilikuwa na hadubini, nilikuwa na mkuu wa kumwita, dawa ilikuwa ghorofa ya juu, na nikaogopa.

Nisalimie shemeji, mwambie nakuja na mikono mitupu safari hii. Msalimie mama mkwe kwa heshima zote. Injinia usimpe salamu zangu, nataka anisikie kwanza ndipo aamue kama atazipokea. Na ikiwa utataka kunifungia mlango, Dada, nifungie Jumamosi jioni. Asubuhi nipitishe kwa mtoto.

Mdogo wako akupendaye,
mama mdogo wa Injinia.